Ute wa Yai Kwenye Kopo la Hospitali

Nianze na upumbavu wenyewe, ili asiyetaka kuendelea aachie hapa. Mwezi wa pili wa mwaka wa tisini na nane, nikiwa kidato cha pili, niliiba yai kwenye kikapu cha kuku wa mama, nikalipasua nyuma ya choo, kiini nikakimwaga kwenye matuta ya kunde, na ule ute nikautia ndani ya kopo nililopewa hospitalini niteme makohozi. Nikachanganya na mate yangu kidogo, ili kazi iwe na ukweli ndani yake. Nikafunga kifuniko, nikaliinua kopo kwenye mwanga, nikajiona fundi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Bwana Mutua. Wiki iliyopita aliletwa shuleni kwetu atuonyeshe sisi wa kidato cha tatu jinsi hadubini inavyotumiwa, kwani ile ya shule kioo chake kimeota ukungu na mwalimu wa baiolojia huitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Bwana Mutua ndiye mpimaji wa maabara ya hospitali, mtu wa bara ambaye baba yake alipewa shamba huku zamani, na miaka yote hii ya kula wali wa nazi haijamwondolea Kiswahili cha kwao. Akaingia na sanduku lake la mbao, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Akapitisha macho kwenye madawati, yakafika kwangu, yakasimama. "Wewe wa yai," akasema. "Kumbe bado uko." Darasa zima likacheka bila ya kujua linacheka nini. Mimi ndiye mchekeshaji wa darasa lile, hakuna mwalimu ambaye sijamwiga mwendo, na siku hiyo nilikuwa mtu pekee asiyecheka. Niliinamia daftari langu nikajifanya ninachora hadubini. Nilichochora, nilipokuja kukitazama baadaye, kilikuwa ni kopo.

Mvua za msimu ule zilikuwa hazijui kukoma. Kule kwetu Munje mihogo ilioza ardhini, na makuti ya chumba cha mama yakaanza kudondosha maji juu ya kitanda, kwanza kwenye miguu, kisha kwenye mto. Ndipo mdogo wangu Mwanatumu, ambaye alikuwa na miaka mitano na sote twamwita Tumu, akahamishiwa chumbani kwangu. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja la mbao, na kwa ajili ya mvua tukawa tunalifunga kutwa kucha. Nikikumbuka sasa ninakiona kama sanduku: kitanda cha kamba, taa ya chemni, nguo za shule kwenye msumari, na mimi na Tumu ndani, tukivuta hewa ile ile na kuirudisha. Nilikuwa na kikohozi. Kilianza kidogo kidogo mwezi wa kumi na mbili, nikakiona rafiki, kwa sababu shuleni tulikuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa mashindano ya Kwale na mimi nilikuwa mzee mlevi anayekwenda kuposa. Siku moja nikashikwa na kikohozi katikati ya posa, watu wakacheka mpaka wakapiga meza, na mwalimu wa maigizo akaniambia, "Bakari, hicho kikohozi kisitoke." Hakikutoka. Nyumbani nacho nikakifanya mchezo. Usiku taa ikizimwa mimi hukohoa mara mbili, na Tumu kwenye giza hunijibu kwa kikohozi chake cha uongo mara mbili, kisha hucheka chini ya leso. Tulicheza hivyo siku nyingi sana.

Mama ndiye aliyechoka kusikia. Alinipeleka hospitali mwenyewe, na daktari akaniuliza kama ninatokwa na jasho nilalapo, nikasema ni joto la Pwani, daktari, na hata wewe unalo. Hakucheka. Akanipa kopo. "Ukiamka, kabla ya kunywa chochote, kohoa kutoka chini kabisa, uteme humu." Kwenye benchi la nje nilimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, na yeye akanifahamisha: ukionekana na kifua kikuu ni sindano ya makalio kila siku kwa miezi miwili, hakuna shule. Mashindano ya Kwale yalikuwa yamebakia wiki tatu. Nilihesabu wiki zile njia nzima kurudi Munje, na kuku wa mama alipotaga kesho yake alfajiri akatangaza kama kawaida yao, nikajua la kufanya.

Kopo nikalikabidhi kwenye dirisha la maabara. Baada ya siku tatu nikarudi, Bwana Mutua akanipa karatasi iliyokunjwa, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema, "Peleka nyumbani isomwe." Nilisoma njiani. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za mtu anayetaka kufahamika: SAMPULI HAIFAI. ALETE NYINGINE KESHO. Sasa, mama yangu si mtu wa kutosoma. Mama husoma msahafu bila ya kusita, na barua za dada yake wa Vanga walizokuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu huzisoma kwa sauti mpaka jirani akalia. Lakini hizi herufi za shule hazijui, hakufundishwa. Alikuwa akikuna nazi nilipoingia. "Nisomee, baba," akaniambia, mkono bado uko kwenye mbuzi. Nikasimama mlangoni, nikakohoa kidogo kama msomaji wa habari, nikasoma: "Hakuna ugonjwa. Apewe dawa ya kikohozi." Mama akasema Alhamdulillahi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkebe wa biskuti anamoweka vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mchana ule tulikula wali na mchuzi wa papa, na kipande kikubwa kikawekwa upande wangu wa sinia. Nilikila chote.

Kwale tulitoka wa pili. Nilikohoa jukwaani mpaka nikaona nyota, na majaji wakaandika kwamba mzee mlevi aliigiza kwa uhalisi mkubwa.

Tumu alianza kubadilika mwezi wa nne, na ubaya wake ni kwamba hapakuwa na siku ya kuishika nikasema ilianza hapa. Aliacha kujibu kikohozi. Nikadhani amechoka na mchezo. Akawa analia akiguswa kichwa, akataka mlango ufungwe kwa sababu jua linamchoma macho, akatapika uji hata kabla haujafika tumboni. Yeye ambaye alikuwa akinifuata mpaka chooni akawa analala mchana kutwa, akiamka anatutazama kama wageni. Siku moja nikaona jicho lake la kushoto limekwenda pembeni likakaa huko. Nikamwambia, "Tumu, jicho moja liko Munje na jingine liko Kwale." Nilingoja acheke. Alinitazama kwa lile jicho lililobakia, akageukia ukutani.

Nilisikia wakizungumza jikoni, mama na jirani yetu Bi Fatuma, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta wa udongo nikimenya muhogo.

"Shingo yenyewe ndiyo hiyo, ngumu kama mchi," alisema mama. "Nikimwinua aketi, anainuka mzima mzima."

"Ni dege la watoto hilo, Mama Bakari. Si unaona macho?"

"Dege mara hii halina homa kali?"

"Yako ya namna nyingi. Umfukize kwanza. Hospitali watamchoma sindano, na dege halitaki sindano."

"Na yule mwingine anavyokohoa, hili dege halikumpata yeye?"

"Yule si alipimwa?"

"Alipimwa. Ni mzima."

Kisu kilinikata kidole cha gumba hapo. Alama ninayo.

Akafukizwa siku nne, akafungwa uzi mweusi mkononi. Siku ya tano, mama akiwa anamlisha, mkono wa kulia wa Tumu ukaanza kuruka wenyewe, kisha uso, kisha mwili wote, na kijiko kikaanguka. Tulimbeba mpaka barabarani. Bi Fatuma alitufuata hatua chache akiwa ameshika kiatu kimoja cha Tumu, akasimama.

Hospitalini alianzishwa dawa za homa ya uti wa mgongo ile ya kawaida, na daktari akasema lazima yatolewe maji ya mgongoni yapimwe. Mama akakataa. Kwetu kila mtu anamjua mtu aliyetolewa maji ya uti akafa, na hakuna anayeuliza kama mtu huyo alikuwa anakufa tangu kabla. Daktari alieleza, muuguzi akaeleza, mama akawa anatikisa kichwa huku ameshika mguu wa Tumu. Aliyemgeuza ni Bwana Mutua, ambaye alikuja tu kuleta chupa zake tatu ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeyapima?"

"Ndiyo mimi."

"Angekuwa ni wako, ungekubali atolewe?"

"Wangu alitolewa," alisema Bwana Mutua. "Sasa ako darasa la sita, na ni mtundu mpaka nimechoka."

Mama akamwachia mguu. Mimi nikaambiwa nimshike Tumu: alilazwa ubavu, akakunjwa magoti mpaka kifuani kama aliye bado tumboni, na mimi nikamkumbatia nimkaze asitikisike. Nilikuwa nikimpumulia kichwani muda wote ule. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, zaidi ya sindano. Maji yalitoka tone moja moja, yakahesabika, na yalikuwa meupe. Mama akafurahi. "Ni safi," akaninong'oneza, "kama ya kisima." Bwana Mutua aliinua chupa kwenye dirisha na hakufurahi. Akaondoka nazo polepole, mkono ameunyoosha mbele, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa mpaka ukingoni.

Kesho yake adhuhuri nilitumwa maabara na karatasi ya daktari. Kilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya spiriti na dawa nyekundu iliyopashwa moto, sinki lake limepata madoa mekundu na ya samawati ambayo hayatoki. Kwenye kona palikuwa na mashine ya kuzungushia chupa kwa mkono, yenye kishikio kama cha cherehani. Bwana Mutua alikuwa ameinamia hadubini na hakuinuka. Dirishani chupa moja kati ya zile tatu ilikuwa imesimamishwa peke yake, haikuguswa tangu jana, na ndani ya yale maji safi palikuwa na kitu kinachoning'inia, uzi juu ya uzi, mwembamba kuliko moshi.

"Buibui ameingia humo," nikasema.

"Hakuna buibui. Usiguse, na usipumulie hapo." Bado hakuinuka. "Hayo maji yakiwa ya mtu mzima yanakaa hivyo hivyo hata wiki. Yakishika utando kama huo yakitulia, kuna kitu. Sukari imeisha ndani yake, protini imejaa, na chembe ni zile za ugonjwa wa polepole. Mimi najua ni nini. Lakini daktari anataka nimwonyeshe."

"Ni nini?"

"Kifua kikuu."

"Lakini ni kichwa kinamuuma."

"Kinapanda," alisema. "Mtoto mdogo akikivuta, kinaweza kupita kwa damu kikaenda kukaa kwa ngozi ya ubongo." Akasogeza kioo kidogo sana kwa ncha za vidole. "Nimeukausha utando wa chupa ingine kwa kioo, nimeupaka rangi, natafuta kijiti kimoja tu chekundu. Kimoja. Tangu saa mbili asubuhi. Vinaweza kuwa vichache sana kwa chupa nzima, na mimi niko na kipande kama ukucha."

Nikasimama pale. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, sikumbuki ulikuwa upi, ukarudi chini.

Alasiri daktari alikuja kitandani. Alisema mpimaji hajaona kijidudu, na utando ule peke yake haumtoshi, kwani magonjwa mengine nayo huweza kuufanya. Akavuta kiti akaketi mbele ya mama. "Mama, nyumbani kuna mtu yeyote anayekohoa muda mrefu?"

"Huyu hapa," alisema mama, akanigusa bega. "Lakini alipimwa hapa hapa kwenu. Ni mzima. Karatasi yake ninayo kwenye mkebe."

"Una hakika?"

"Daktari, ninayo. Bakari atakuletea kesho asubuhi."

"Basi niletee. Nyumba ikiwa safi, itabidi nirudie maji na nitafute ugonjwa mwingine kwanza, kabla ya kumwanzisha dawa nzito za miezi mingi." Akamfungua Tumu jicho kwa kidole gumba, akamwangazia tochi. "Siku mbili tatu hizi ndizo zenyewe," akasema, na sikujua anamwambia nani.

Nilirudi Munje jua likiwa bado juu. Niliwafungia kuku, nikakoka moto nichemshe muhogo, nikauteremsha ule mkebe nikauweka magotini. Karatasi ilikuwa pale pale, imekunjwa mara nne, inanuka udi kwa kukaa na vitu vya mama. Moto ulikuwa hatua mbili kutoka nilipoketi. Ningesema imeoza kwa mvua na kila mtu angeamini, kwani nusu ya vitu vya Munje vilikuwa vimeoza kwa mvua. Hakuna ambaye angejua, si mama, si Bi Fatuma, si shule. Niliifikiria hiyo njia, sitadanganya kwamba sikuifikiria, mpaka muhogo ukaungua chini. Moshi ukanipalia, nikakohoa mara mbili. Halafu nikajikuta nimenyamaza ninasubiri. Chumba chetu hakikujibu.

Asubuhi nilikohoa kutoka chini kabisa, kama nilivyoelekezwa miezi miwili nyuma, nikatema kwenye kikopo cha jemu. Palikuwa na uzi wa damu ndani yake. Sikumpitia mama wala daktari. Nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la maabara, nikaweka kikopo, nikaweka karatasi pembeni yake.

"Ile ya kwanza haikuwa yangu," nikasema. "Ilikuwa ni yai."

Bwana Mutua alisoma mwandiko wake mwenyewe, akanitazama. "Nilijua ni yai. Nilipopitisha kioo kwa moto, iliiva. Makohozi haiivi, kijana. Nilicheka peke yangu hapa, nikasema huyu akirudi nitamkaangia." Akainua kikopo akakitazama, na uso wake ukaacha kucheka. "Nikaandika arudi. Na hukurudi. Yule mtoto wa chumba cha pili ni nani wako?"

"Ni mdogo wangu. Tunalala pamoja."

Aliniketisha nje, nikamsikia akifanya kazi: kiberiti, maji, kimya, maji tena. Baadaye akafungua mlango akaniita, akanionyesha pa kuweka jicho. Uwanja wote ulikuwa wa samawati, na juu yake vijiti vyekundu, vyembamba, vimepinda kidogo, viwili viwili, mafungu mafungu. Nilisogeza kichwa nikadhani vitakwisha. Havikwisha.

"Sikupata hata moja kwa maji ya mtoto," alisema nyuma yangu. "Kwako sihitaji kutafuta. Daktari nitampelekea hii sasa hivi. Na mama, nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Enda basi." Nikiwa mlangoni akaniita tena. Alikuwa ameshika ile chupa ya utando, anaizungushia pamba. "Haya yaliyobaki yanaenda Nairobi wayaoteshe, itachukua wiki nyingi. Unajua wanaoteshea kwa kitu gani?"

"Sijui."

"Yai," akasema. "Wanapiga yai, wanaligandisha kwa chupa, vijidudu vinakula hapo. Kwa hivyo hukukosea sana. Uliniletea chakula bila mgeni."

Mama alikuwa ameshika kikombe cha bati cha uji. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kikapu cha kuku mpaka yale niliyosoma mlangoni. Nilidhani atanipiga, na ningependa anipige. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza uji, akajaribu kumtia Tumu kijiko kimoja ambacho kilimwagikia shavuni. Akamfuta. Akapuliza tena. Adhuhuri ile Tumu alianzishwa dawa, na mimi nikaanzishwa zangu, vyumba viwili mbali naye. Kwa wiki zote tulizokaa hospitalini mama hakunisemesha. Chakula alinipa, nguo alinifulia, na akitaka jambo alimwambia muuguzi nami nikiwa pale: "Mwambie huyo anywe maji." Nilikojoa mwekundu kama sharubati kwa zile dawa, na nilikuwa na vichekesho kumi vya mkojo mwekundu, na sikupata wa kumwambia.

Tumu alifungua macho siku ya kumi na moja. Jicho lilirudi polepole, mguu ukarudi nusu, na masikio hayakurudi. Tulilijua hilo mama alipoangusha beseni nyuma yake na yeye akaendelea kuchezea uzi wa shuka. Siku niliyoruhusiwa kumkaribia, nilisimama mwisho wa kitanda, na kwa mazoea tu nikakohoa, mkono mdomoni, mara mbili. Aliniangalia mkono. Akanyanyua wake akauweka mdomoni, akatikisa mabega mara mbili bila ya sauti, na akacheka. Mama akatoka nje.

Jibu la Nairobi lilifika tulipokuwa tumeshatoka: vimeota. Bwana Mutua alimsomea mama mwenyewe. Jioni hiyo, nyumbani, mama aliteremsha mkebe wa biskuti, akaichagua ile karatasi ya kwanza, ambayo daktari alikuwa amemrudishia, akaikunjua juu ya mkeka akailainisha kwa kiganja. Tumu alikuwa amelala kwenye paja lake. Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya uji, akasema:

"Njoo. Weka kidole chako hapo palipoandikwa 'haifai', nilitazame neno hilo mpaka nilijue. Siku nyingine sitangoja kusomewa na mwanangu."